Jina Lako Limo Kwenye Karatasi?



Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mzee mmoja wa wilaya ya Hanang. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu hakunipa ruhusa ya kulitaja. Ni barua ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono, na mwandiko wake ni wa mtu aliyesoma shule za zamani ambako mwalimu alikuwa hacheki na mwandiko mbaya. Mzee anasema kwamba binti yake alipata kazi Dar es Salaam. Kabla hajaenda, mzee alipeleka fahali wawili mnadani ili binti apate kodi ya mwaka mzima ya chumba. Chumba kilipatikana katika ghorofa zuri, katikati ya jiji, karibu na kazini. Kodi ikalipwa yote kwa mkupuo mmoja. Baada ya miezi miwili, asubuhi moja, wakaja watu na dalali wa mahakama, vyombo vya binti vikatolewa nje. Kumbe yule aliyempokea fedha hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji tu katika nyumba ya umma, na kodi ya huko alikuwa halipi.

Mzee anamalizia barua yake kwa maswali mawili. La kwanza: sheria inasema nini? La pili: fahali wangu wawili wamekwenda wapi?

Msikilizaji, barua hiyo niliisoma mara tatu. Nitakwambia kwa nini.

Mwaka 2004 mimi mwenyewe nilikuwa kijana wa kutoka Mbulu, nasoma stashahada ya uandishi wa habari Dar es Salaam. Nilipanga chumba katika ghorofa la chombo kimoja cha umma, ambacho sina haja ya kukitaja hapa. Ilikuwa fleti ya vyumba vitatu. Mimi nilikaa chumba kimoja, kingine alikaa fundi cherehani, na cha tatu alikaa mama mmoja na watoto wake wawili, akiuza vitafunwa asubuhi nje ya ofisi za watu. Jiko lilikuwa moja, choo kimoja. Mtu tuliyemlipa tulimwita "mwenye nyumba". Alikuja kila baada ya miezi sita, amevaa vizuri, anahesabu fedha zake, anatuuliza kama maji yanatoka, anaondoka. Risiti hakutoa. Alikuwa akisema, "Sisi ni ndugu, ya nini karatasi?"

Siku moja ikapenyezwa barua chini ya mlango. Haikuwa na jina la yeyote kati yetu. Ilikuwa na jina la mtu ambaye hatukumfahamu, na baadaye tukaja kujua kwamba ndiye mpangaji halali, na kwamba "mwenye nyumba" wetu alikuwa shemeji yake. Barua ilitaja kodi ya mwezi ya fleti nzima. Tulikaa mezani tukapiga hesabu. Fedha ambazo mimi peke yangu nililipa kwa chumba kimoja zilizidi kodi ya fleti yote. Na barua ile ilisema kodi hiyo ndogo haijalipwa kwa miezi kumi na moja.

Tulimtafuta bwana yule kwa simu, hakupokea. Tulikwenda tulikoambiwa anakaa, tukaambiwa amesafiri. Mwishowe siku ikafika. Dalali alipokuja, mama muuza vitafunwa alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Dalali hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza kwa upole kabisa:

"Dada, jina lako limo kwenye karatasi hii?"

"Mimi nimelipa, kaka yangu. Nimelipa mpaka Desemba."

"Sikuulizi kulipa. Nakuuliza jina."

Jina halikuwemo. Kabla ya saa nne, magodoro yetu yalikuwa kando ya barabara, juu yake jiko la mafuta ya taa, sufuria za mama, cherehani ya fundi, na daftari zangu za chuo. Mimi nilikuwa kijana, nikapata pa kulala kwa rafiki. Yule mama sijui alilala wapi usiku ule. Nasikitika kukwambia kwamba sikumwuliza.

Ndiyo maana, msikilizaji, barua ya mzee wa Hanang nimeisoma mara tatu.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuone mambo haya yalianzaje. Udhibiti wa kodi za nyumba katika nchi yetu ulianza tangu enzi za Waingereza. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa ili mwananchi wa kawaida apate mahali pa kuishi mjini. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba. Majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi yakachukuliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Maghorofa mengi unayoyaona katikati ya Dar es Salaam, Arusha, Tanga na Mwanza yaliingia mikononi mwa umma kwa njia hiyo. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba. Na katikati ya hayo, mwaka 1984, Bunge lilipitisha sheria mpya ya kudhibiti kodi za nyumba.

Shabaha ya sheria hiyo ilikuwa njema. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kupandisha kodi apendavyo, wala kumfukuza mpangaji kwa sababu tu amepata mwingine mwenye fedha zaidi. Ilibidi aende mbele ya baraza na kutoa sababu zinazotambuliwa na sheria. Moja ya sababu hizo ilikuwa hii: mpangaji akiipangisha nyumba kwa mtu mwingine bila ridhaa ya mwenye nyumba, kinga yake inaondoka. Sheria haikumlinda mpangaji ili na yeye ageuke kuwa mwenye nyumba.

Lakini mtu akiwa na kitu cha bei ndogo ambacho wengi wanakitaka kwa bei kubwa, atashawishika. Kodi ya nyumba za umma ilibaki chini, mji ukakua, vijana wakamiminika kutoka mikoani, vyumba vikawa haba. Wapangaji wengine wa nyumba zile wakajenga nyumba zao pembezoni mwa mji, wakahamia huko, lakini ule ufunguo wa ghorofani hawakuurudisha. Wakapangisha. Wengine walipoondoka moja kwa moja waliuza ufunguo kwa fedha iliyoitwa kilemba. Neno hilo kilemba, msikilizaji, kwa asili ni neno la heshima. Ni zawadi anayopewa fundi na mwanafunzi aliyehitimu, au mjomba siku ya harusi. Mjini likawa jina la fedha inayotolewa gizani kwa kitu ambacho anayekiuza si chake.

Mwaka 2005 sheria ile ya kudhibiti kodi ilifutwa. Tangu hapo kodi ni makubaliano ya pande mbili, na mambo ya upangaji yanaongozwa zaidi na mkataba pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Je, ufutaji huo ulimaliza mchezo wa kupangisha mara mbili? Haukuumaliza. Popote ambapo chombo cha umma kinatoza kodi iliyo chini ya bei ya mtaani, nafasi ya mtu wa kati inabaki. Leo yuko kwenye ghorofa, kesho yuko kwenye kizimba cha soko la halmashauri au kwenye fremu ya stendi. Anayelipa kodi ndogo kwa umma anakaa kivulini, na anayeuza nyanya juani anamlipa yeye.

Pengine msikilizaji wangu wa Katesh au wa Dongobesh anasema, "Hayo ni mambo ya Dar es Salaam, sisi huku hatuna maghorofa." Hebu tusiharakishe. Fedha za mzee huyu zilitoka katika zizi lake hapa Hanang. Na isitoshe, sisi wa huku tunalifahamu jambo hili tangu zamani, ila kwa jina jingine.

Nilimpelekea baba yangu mdogo barua ya mzee, nikamsomea. Baba mdogo ni mtu wa makamo makubwa, anaishi milimani kule Mbulu, na mjini hakai zaidi ya siku mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza:

"Huyo mtu aliyepokea fedha, alikuwa amekabidhiwa nyumba, au ilikuwa yake?"

"Alikabidhiwa, baba. Alikuwa analipa kodi."

"Basi ni kama ng'ombe wa kutunza."

Unajua desturi hiyo, msikilizaji. Kwa Wairaqw, na kwa Wadatoga pia, mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Baadhi huwakabidhi kwa jamaa au rafiki ambaye hana. Aliyekabidhiwa anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba lake, na watoto wake hawalali njaa. Lakini ng'ombe si wake, na ndama atakayezaliwa ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, anatuma habari upesi, na ngozi inaonyeshwa. Ni makubaliano yasiyoandikwa, lakini kila mtu anayafahamu, na majirani ni mashahidi.

"Sasa," akasema baba mdogo, "mimi nimekukabidhi ng'ombe. Wewe unamchukua kimya kimya, unampeleka kwa mtu wa tatu, na huyo wa tatu unamtoza mbuzi kila mwezi kwa ajili ya maziwa. Siku mimi nikija kumchukua ng'ombe wangu nikamkuta kwa huyo wa tatu, nani mwenye kosa?"

Nikamjibu, "Kosa ni langu, baba."

"Na nani atakayelia?"

Hapo sikujibu haraka. Atakayelia ni yule wa tatu, kwa sababu mbuzi zake zimekwenda na maziwa yamekwenda. Baba mdogo akaendelea: "Ndiyo maana wazee hawakuishia kumchukua ng'ombe. Walikaa kikao. Walimwita yule wa katikati, wakamwuliza mbele ya watu, 'Mbuzi za mwenzako ziko wapi?'"

Ndugu msikilizaji, maneno hayo ya baba mdogo ndiyo ninayotaka tuyatafakari leo. Mjini tunamchukua ng'ombe, na kikao hatukai. Mwenye nyumba anapata nyumba yake. Mtu wa kati anapotelea mjini na fedha zake, na mwezi ujao anatafuta mlango mwingine. Aliyelala ndani ndiye anayetolewa, na hasara yote anaibeba yeye, ingawa katika watu hao watatu ndiye pekee aliyelipa kwa wakati.

Sisemi kwamba mwenye nyumba hana haki. Anayo. Nyumba ya umma ni mali yetu sote, na kodi isipolipwa hakuna fedha ya kutengeneza bomba wala kujenga nyingine. Tena kila nyumba ya bei nafuu inayokaliwa na mtu wa kati ni nyumba ambayo mwalimu kijana au muuguzi kijana ameikosa. Wala sisemi kwamba kila mpangaji anayempangisha mwenzake ni mwizi. Yupo mtumishi anayehamishiwa mkoa mwingine kwa miaka miwili na anataka arudi kwake. Yupo mama mjane anayempangisha mtu chumba kimoja ili apate ada ya mtoto, na yeye mwenyewe anaishi humo humo. Hao tuwaweke kundi moja na yule anayekusanya fedha za vyumba vitatu na kuikimbia kodi ya kimoja? Hapana.

Wenzetu wa nchi nyingine wamejaribu kutenganisha mambo haya. Katika jiji la New York huko Marekani kuna fleti nyingi ambazo kodi yake inadhibitiwa hata leo. Mpangaji wa fleti ya namna hiyo anaruhusiwa kumpangisha mwingine kwa muda, lakini kwa masharti. Lazima aombe ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Asizidishe miaka miwili katika kila minne. Fleti ile iendelee kuwa ndiyo makazi yake halisi, na awe na nia ya kurudi. Na kodi asipandishe: atoze ile ile ya kisheria, na kama ameacha fanicha zake ndani anaweza kuongeza asilimia 10 tu. Akizidisha hapo, anaweza kuipoteza fleti yenyewe. Umeona, msikilizaji? Mwenye shida ya kweli ameachiwa mlango, na mwenye tamaa amefungiwa.

Uingereza nako, mwaka 2013 ilitungwa sheria inayofanya kuwa kosa la jinai kwa mpangaji wa nyumba za bei nafuu za umma kuipangisha nyumba hiyo kinyume cha taratibu. Na mahakama imepewa uwezo wa kumwamuru arudishe faida yote aliyoipata. Hawakuishia kumnyang'anya ng'ombe. Wameuliza na mbuzi ziko wapi.

Kwetu, chombo cha umma chenye nyumba kingeweza kufanya mambo manne, na wala hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kikague angalau mara moja kwa mwaka ni nani hasa anaishi katika kila nyumba, kwa kubisha hodi, si kwa kusoma faili. Pili, ilani ya kutoa watu isiandikiwe jina lililo kwenye mkataba peke yake. Ibandikwe mlangoni, na imtaje pia kila anayeishi humo, ili muuza vitafunwa ajue mapema. Tatu, mkaaji asiye na kosa, ambaye ana uthibitisho kwamba alilipa kwa nia njema, apewe muda wa kutosha wa kuhama, na ikiwezekana afikiriwe kupewa mkataba yeye mwenyewe kwa kodi halali. Kama ameweza kumlipa mtu wa kati kodi kubwa, atashindwaje kulipa ile ndogo? Nne, mtu wa kati afuatwe na adaiwe faida yake. Asipofuatwa, kumtoa mpangaji wa leo ni kumwandalia nafasi mpangaji wa kesho.

Na hapa, wananchi wenzangu wa Hanang, niseme neno la nyumbani. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafunika makazi ya watu Katesh na vijiji vya jirani. Tulizika watu 89. Baadaye, kule Waret, zilijengwa nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waliopoteza makazi yao. Nyumba za namna hiyo, popote zilipo duniani, huvutia watu wa kati kama asali inavyovuta nyuki. Simshutumu mtu yeyote. Nasema tu kwamba nyumba iliyotolewa kwa ajili ya machozi ya watu isije ikageuzwa duka. Viongozi wa vijiji na majirani ndio macho ya kwanza.

Tena sisi wa Hanang tunajua uzito wa karatasi kuliko watu wengi. Wazee wanakumbuka mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada katika maeneo ya Basotu na Mulbadaw, na jinsi wafugaji wa Kibarabaig walivyoondolewa katika malisho yao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Mojawapo ya mambo yaliyowaangusha ni kwamba kijiji hakikuweza kuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa mujibu wa sheria. Watu walikuwepo, ng'ombe walikuwepo, makaburi ya wazee yalikuwepo, lakini karatasi haikuwepo. Shauri lile na la fleti ya Dar es Salaam si sawa; hawa walikuwa katika ardhi ya mababu zao. Lakini swali walilokutana nalo mlangoni ni lile lile alilouliza dalali: jina lako limo?

Sasa nirudi kwa mzee wangu, na maswali yake mawili.

Mzee, shikamoo. Swali lako la kwanza, sheria inasema nini. Kati ya binti yako na chombo chenye nyumba hapakuwa na mkataba, kwa hiyo itamwia vigumu kudai kurudishwa katika chumba kile. Lakini kati ya binti yako na mtu aliyepokea fedha makubaliano yalikuwepo, hata kama hayakuandikwa. Mtu huyo aliuza haki ambayo hakuwa nayo, na fedha za miezi kumi ambayo binti hakukaa anaweza kudaiwa. Mwambie binti asifute chochote katika simu yake. Kama kodi ililipwa kwa simu, ule ujumbe wa malipo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ushahidi wa namna hiyo. Aandike majina ya waliokuwa naye katika fleti ile, kwa sababu watatu wakidai pamoja husikika kuliko mmoja.

Kuhusu mahali pa kupeleka malalamiko ya nyumba: sheria ya mwaka 2002 iliweka ngazi kuanzia kijiji na kata hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu tena katika migogoro hii. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Wilaya. Na kama binti ataona ni heri adai fedha zake tu, aende kwa karani wa mahakama aulize taratibu, au atafute msaada wa kisheria kwa wale wanaoutoa bila malipo. Asikae kimya kwa aibu. Aibu si yake.

Swali lako la pili, fahali wako wamekwenda wapi. Mzee, wako mfukoni mwa mtu aliyesema "sisi ni ndugu, ya nini karatasi". Huenda wakarudi, huenda wasirudi wote. Siwezi kukudanganya.

Na wewe msikilizaji ambaye mtoto wako anajiandaa kwenda mjini mwaka huu, nakuomba umfundishe maswali matatu kabla hajatoa hata shilingi moja. Nyumba hii ni ya nani? Wewe unayepokea fedha, una karatasi gani inayokupa ruhusa ya kupangisha? Na je, jina langu litaandikwa? Akijibiwa kwa hasira, aondoke. Akijibiwa kwa kicheko na maneno ya undugu, aondoke upesi zaidi. Kama nyumba ni ya chombo cha umma, aende mwenyewe ofisini kwao aulize dirishani. Nauli ya daladala ni ndogo kuliko fahali wawili.

Kuna mama mmoja aliyesimama mlangoni mwaka 2004 na mtoto mgongoni, akasema amelipa mpaka Desemba. Alisema kweli. Nilikuwa nyuma yake, nimesikia, na nilikuwa shahidi wake. Lakini mimi nilikuwa nikikusanya daftari zangu, na hakuna aliyeitisha kikao.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Huenda naye amepanga chumba mahali fulani. Natumaini alidai karatasi.